Kyamwilu hadi Olorgesailie: Safari ya makavazi inayofunza kutenganisha sayansi na kiinimacho

KATIKA eneo la Kyamwilu, kwenye kilima cha Kituluni, takriban kilomita 12 kutoka mjini Machakos, kuna kipande cha barabara kilichowapa sifa wakazi wake hadi nje ya mipaka ya Kenya. Dereva akifika hapo husimamisha gari, huondoa gia na kuachilia breki. Gari badala ya kurudi nyuma huanza kujivuta polepole kuelekea kule ambako macho ya kila mtu yanaona ni mlimani. Mtu mwingine humwaga maji ya chupa juu ya lami, nayo maji huonekana yakipanda.

Wageni humiminika hapo, hasa mwisho wa wiki na nyakati za likizo. Mabasi ya shule hayakosi. Baadhi ya wageni huondoka wakisema mlima una sumaku, wengine wakisema kani ya mvutano wa dunia imepinda mahali hapo, na wengine hutosheka na simulizi za wenyeji kuhusu watu wa kale waliowahi kuishi kilimani.

Hakuna ubaya wowote katika kushangaa. Hata hivyo, mzazi anayelipia basi, chakula na kiingilio ili mwanawe aende katika safari ya elimu ana haki ya kuuliza mtoto huyo anarudi nyumbani na nini. Akirudi na mshangao pekee, amekwenda kutazama mazingaombwe. Akirudi na njia ya kupima kilichomshangaza, amekwenda shule.

Bahati ni kwamba Machakos imekaa mahali pazuri kwa safari ya namna hiyo. Kwa siku tatu au nne za barabarani, familia au shule inaweza kuanzia Kyamwilu, ipite katika makavazi ya Nairobi, iteremke Bonde la Ufa hadi Olorgesailie, ipande hadi Kariandusi na Hyrax Hill, kisha irudi kupitia mstari wa ikweta mjini Nanyuki. Katika mzunguko huo kuna vituo vya ajabu ajabu na vituo vya sayansi nzito. Faida ya kuvitembelea kwa pamoja ni kwamba kila kimoja humsaidia mgeni kukielewa kingine.

Kwa nini gari 'hupanda'

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kyamwilu ni mahali ambapo mwenye macho inafaa aambiwe atazame mara ya pili.

Ubongo wa binadamu hautambui mteremko kwa kutumia barabara peke yake. Hulinganisha barabara na vitu vilivyo kando yake: upeo wa macho, miti, nyua, kingo za mashamba na milima iliyo nyuma. Mahali palipo tambarare, upeo wa macho huonekana wazi na ubongo hukosea kwa nadra. Katika milima ya Ukambani, upeo huo mara nyingi umezibwa na vilima. Ubongo hulazimika kukisia, na hukisia kwa kutumia mistari mingine iliyo karibu, ambayo huenda nayo imeinama.

Kosa la kawaida ni hili. Barabara inayoteremka kwa ukali, kisha ikateremka kidogo tu, kisha ikateremka tena kwa ukali, humdanganya mtazamaji kwamba kile kipande cha katikati kinapanda. Kwa kweli chote ni mteremko, ila kipande hicho kimepungua ukali kuliko wenzake.

Mwaka 2003, watafiti wa Italia wakiongozwa na Paola Bressan wa Chuo Kikuu cha Padova walichapisha utafiti kuhusu maeneo ya aina hii. Walitengeneza barabara ndogo za mfano juu ya meza, wakaficha upeo wa macho na kubadilisha miinamo. Watazamaji waliona miteremko midogo kuwa mipando, sawasawa na inavyotokea barabarani. Hapakuwa na sumaku wala nguvu nyingine yoyote kwenye meza hiyo.

Wapo wanaouliza kama mlima hauwezi kweli kuvuta gari. Jibu ni kwamba mlima huvuta, lakini kwa nguvu ndogo mno. Mnamo 1774, mwanaastronomia Nevil Maskelyne alikwenda katika mlima wa Schiehallion, Uskoti, kupima jinsi mlima huo unavyovuta timazi, yaani ile kamba yenye kitu kizito ambayo fundi mwashi hutumia kunyoosha ukuta. Tofauti aliyoipata kati ya pande mbili za mlima mzima ilikuwa kama sehemu moja kwa 300 ya digrii moja. Kiasi hicho hakiwezi kusogeza gari wala kugeuza mkondo wa maji.

Kuna jambo jingine rahisi zaidi la kuzingatia. Chini ni kule maji yanakoelekea. Maji yakimwagwa yakaelekea upande fulani, huko ndiko chini, macho yaseme yatakavyo.

Mwalimu anaweza kuthibitisha hayo kwa kifaa ambacho fundi yeyote wa ujenzi anacho: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Maji katika ncha mbili za mpira hukaa katika usawa mmoja hata ncha hizo zikiwa mbali. Wanafunzi wawili husimamisha fito mbili barabarani, umbali wa kama mita 10, kisha hushikilia ncha za mpira kwenye fito hizo na kutia alama pale maji yalipofika. Hatua ya mwisho ni kupima kutoka kwenye alama hadi barabarani. Upande wenye kipimo kirefu zaidi ndio ulio chini. Wataona kwamba kule walikodhani ni mlimani ndiko bondeni.

Tahadhari moja ni lazima. Kyamwilu ni barabara ya umma yenye magari yanayopita, na gari lililozimwa injini huwa na breki na usukani mzito. Majaribio yafanywe kando, kukiwa na mtu wa kuangalia magari.

Kyamwilu si pekee duniani. Kanada ina kilima cha namna hiyo mjini Moncton, na India ina chake huko Ladakh. Uskoti kuna barabara iitwayo Electric Brae katika jimbo la Ayrshire, iliyopewa jina hilo wakati watu walipodhani umeme ndio unaovuta magari. Kando ya barabara hiyo pamewekwa jiwe lenye maandishi yanayoeleza kwamba mwinamo halisi ni hatua moja kwa kila hatua 86, na kwamba sura ya ardhi ndiyo inayodanganya macho. Wageni bado husimama hapo. Tofauti ni kwamba huondoka na jibu.

Simba wa Kima na meno ya Chicago

Kutoka Machakos kuelekea Nairobi, msafiri huingia Barabara Kuu ya Mombasa na kupita kilima cha Lukenya. Wengi hukifahamu kwa michezo ya kukwea majabali. Wachache hujua kwamba chini ya majabali hayo wanaakiolojia wamechimba makazi ya watu wa Enzi ya Mawe walioishi humo maelfu mengi ya miaka iliyopita. Hapana jengo wala kioo, lakini ni sehemu ya historia ileile ambayo msafiri ataikuta mbele.

Jijini Nairobi, kituo cha kwanza kiwe Makavazi ya Reli, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni kuu. Miongoni mwa vitu vyake ni behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba mwezi Juni 1900. Tukio hilo lilitokea katika stesheni ya Kima, sehemu ambayo sasa iko Kaunti ya Makueni, na ambayo kabla ya 1992 ilikuwa katika Wilaya ya Machakos. Ryall na wenzake wawili walikuwa wamelala ndani ya behewa wakimvizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu wa stesheni. Simba akawatangulia.

Behewa hilo huwavutia watoto kuliko injini zote za moshi zilizoko uwanjani, na ni rahisi mwongozaji kuishia kwenye kisa cha kutisha. Lakini simba wa reli wana upande wa sayansi pia, na unapatikana katika kisa cha simba wengine wawili, wale wa Tsavo waliopigwa risasi na mhandisi John Patterson mwezi Desemba 1898. Mabaki yao yako katika makavazi ya Field jijini Chicago, Marekani.

Idadi ya watu 135 ndiyo iliyotajwa kwa miaka mingi kuwa walioliwa na simba hao wa Tsavo. Mwaka 2009, wanasayansi waliochunguza kemikali zilizobaki katika mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kwamba waliliwa watu kama 35. Mwaka 2024, watafiti wengine walitoa nywele ndogo ndogo zilizokwama katika mianya ya meno ya simba hao na kusoma chembe zao za urithi. Walikuta nywele za twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia na binadamu.

Hapo ndipo maana ya makavazi hujitokeza. Kitu kilichohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 100 kinaweza kuulizwa swali ambalo aliyekihifadhi hakuwahi kulifikiria, na jibu linaweza kusahihisha hadithi iliyozoeleka.

Mtoto wa Turkana na mwana wa Ukambani

Kilomita chache kutoka hapo, juu ya kilima kinachotazama katikati ya jiji, yapo Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi. Yalifunguliwa katika kilima hicho Septemba 1930 yakiitwa Coryndon, kwa jina la aliyekuwa gavana wa koloni. Yalibadilishwa jina baada ya uhuru na yakafunguliwa upya 2008 baada ya ukarabati mkubwa. Uani husimama sanamu ya ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyepewa ulinzi wa serikali na Rais Jomo Kenyatta na kufa 1974. Jirani ni bustani ya nyoka, iliyoanzishwa 1961.

Mgeni kutoka Machakos asiondoke bila kuingia katika sehemu ya asili ya binadamu. Makavazi haya ndiyo yanayohifadhi mifupa ya kijana aliyekufa karibu miaka milioni 1.5 iliyopita, ajulikanaye duniani kama Mtoto wa Turkana. Ni mojawapo ya viunzi kamili zaidi vya binadamu wa kale kuwahi kupatikana popote. Katika rejista anaitwa KNM-WT 15000. Herufi tatu za kwanza ni za makavazi yenyewe, na mbili zinazofuata ni za Turkana Magharibi. Nambari hiyo haimtaji aliyemwona kwanza.

Aliyemwona ni Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni. Alikulia akichunga mifugo, na mnamo 1960 alikwenda Olduvai, Tanganyika, kufanya kazi ya kibarua kwa Louis na Mary Leakey. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mifupa ya kale, kazi ambayo watu wengi vijijini waliitilia shaka, kwani mifupa ya wafu haichezewi. Kamoya hakurudi nyuma. Mwaka 1964, karibu na Ziwa Natron, alipata taya la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Mwaka 1967 alikuwa katika bonde la Omo, Ethiopia, ambako alipata mabaki ya mmoja wa binadamu wa kale zaidi wa aina yetu. Kufikia 1977 alikuwa msimamizi wa maeneo ya kale chini ya Makavazi ya Kitaifa.

Mwezi Agosti 1984, kikosi chake kilikuwa kimepiga kambi kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Kamoya alitoka kutembea, na katika mteremko uliojaa vijiwe vyeusi vya volkano akaona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, ambacho rangi yake karibu ilifanana na ya vijiwe hivyo. Uchimbaji uliofuata, chini ya Richard Leakey na Alan Walker, ulitoa zaidi ya vipande 100 vya mifupa ya mwili mmoja.

Kwa wengi, huo ulikuwa bahati. Waliofanya naye kazi walijua ni ujuzi. Mtafutaji wa visukuku lazima atambue umbo la jino, ukingo wa fuvu na mng'ao wa mfupa uliogeuka jiwe, katikati ya mamilioni ya mawe, juani, kwa saa nyingi. Kamoya hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Kikosi alichokiongoza kilijaa Wakamba wenzake, na sehemu kubwa ya visukuku vilivyoipa Kenya jina katika elimu ya asili ya binadamu ilipitia mikononi mwao.

Mcheza kwao hutuzwa, lakini Kamoya alituzwa ugenini kabla hajafahamika sana kwao. Mwaka 1985, Rais Ronald Reagan alimkabidhi jijini Washington nishani ya Shirika la National Geographic. Mwaka 1995, kiumbe wa kale wa jamii ya nyani wakubwa, aliyeishi kaskazini mwa Kenya takriban miaka milioni 25 iliyopita, alipewa jina la kisayansi la Kamoyapithecus kwa heshima yake. Kamoya alifariki Julai 2022.

Nje ya makavazi hayo kuna sanamu ya Louis Leakey, na anaistahili. Hata hivyo, mwanafunzi wa Ukambani anaweza kuingia na kutoka bila kulisikia jina la Kamoya iwapo mwalimu wake hatalitaja. Hilo ni hasara, kwa sababu mtoto akijua kwamba aliyepata kiunzi hicho alitoka kijiji kama chake na alianza akiwa mchungaji, sayansi huacha kuwa mali ya watu wa mbali.

Olorgesailie: makavazi yasiyo na kuta

Siku ya pili, safari huelekea Kiserian na kushika barabara ya Magadi. Joto huongezeka kadri barabara inavyoteremka Bonde la Ufa. Kilomita kama 70 kutoka Nairobi kuna Olorgesailie, katika Kaunti ya Kajiado.

Mwanajiolojia J. W. Gregory aliona zana za mawe hapo 1919, na mnamo 1942 Louis na Mary Leakey wakagundua ukubwa wa hazina yenyewe. Badala ya kuhamisha kila kitu hadi Nairobi, waliacha mashoka mengi ya mawe palepale yalipoanguka, na tangu 1947 umma umekuwa ukiyatazama kutoka juu ya vijia vya mbao. Tangu 1985, uchunguzi umeendeshwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, chini ya Rick Potts.

Kilichowahi kuwa ziwa sasa ni ardhi nyeupe iliyokauka. Mawe yaliyochongwa pande mbili hadi kufanana na tone la maji yametapakaa chini kwa mamia. Tabaka za udongo wa Olorgesailie zimehifadhi kumbukumbu ya zaidi ya miaka milioni moja, na kwa muda wa maelfu na maelfu ya miaka umbo la shoka hilo halikubadilika sana. Mwaka 2018, watafiti walitangaza kwamba kufikia miaka 320,000 iliyopita hali ilikuwa imegeuka. Watu wa hapo walikuwa wakitengeneza zana ndogo zaidi, wakitumia rangi za mawe na kupata obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, kutoka makumi ya kilomita. Jiwe kutoka mbali hivyo ni dalili kwamba watu walifahamiana na majirani wa mbali na kubadilishana mali.

Swali ambalo kila mtoto huuliza ni jinsi wanavyojua miaka hiyo. Jibu liko katika majivu ya volkano. Ndani ya majivu kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole, kwa kasi isiyobadilika, kuwa gesi ya agoni. Volkano inapolipuka, joto hufukuza agoni ya zamani, na saa huanza upya. Wanasayansi hupima agoni iliyojikusanya tangu siku hiyo na kuhesabu miaka. Shoka lililolala kati ya tabaka mbili za majivu lina umri ulio kati ya umri wa tabaka hizo.

Jibu hilo lina uzito kwa sababu linaweza kukaguliwa. Maabara nyingine inaweza kuchukua majivu yaleyale na kupima tena.

Kariandusi na Hyrax Hill

Kutoka hapo, safari hurudi Nairobi na kufuata barabara kuu ya Nakuru. Karibu na Gilgil, juu ya Ziwa Elementaita, iko Kariandusi, mahali palipogunduliwa na Louis Leakey 1928. Mashoka ya hapa yana umri wa karibu miaka milioni moja, na baadhi yamechongwa kwa obsidiani. Jirani huchimbwa diatomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na magamba ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, walioishi katika ziwa la kale. Mtoto akishika bonge lake na kuona lilivyo jepesi huamini mara moja kwamba mahali hapo palikuwa na maji.

Hyrax Hill, viungani mwa Nakuru, si ya kale kiasi hicho. Jina lake linatokana na pimbi waliokuwa wengi katika majabali yake. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938 na kupata makaburi na makazi ya wafugaji wa kale. Jambo ambalo wageni wengi hulikumbuka ni mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya jabali. Mchezo ambao wazee bado wanaucheza chini ya miti uliwahi kuchezwa hapo, na mawe yakabaki kuwa shahidi.

Maji ya Nanyuki

Kutoka Nakuru, barabara hupanda hadi Nyahururu na hatimaye kuzunguka kuelekea Nanyuki, mji uliokaliwa na mstari wa ikweta. Kando ya bango la ikweta, wageni huonyeshwa onyesho maarufu. Mwonyeshaji hubeba beseni lenye tundu chini na vijiti vinavyoelea majini. Hatua chache upande wa kaskazini, maji yakishuka tunduni, vijiti huzunguka upande mmoja. Hatua chache kusini huzunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe hushuka bila kuzunguka. Mgeni huambiwa huo ni uthibitisho wa mzunguko wa dunia.

Sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Mzunguko wa dunia hupindisha mwendo wa hewa na maji yanayosafiri masafa marefu. Ndiyo maana vimbunga vya kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na vya kusini huifuata.

Beseni ni habari nyingine. Kwenye Ncha ya Kaskazini, beseni lililowekwa juu ya ardhi huzungushwa na dunia mara moja kwa siku. Kadri mtu anavyosogea kuelekea ikweta, mzunguko huo hupungua, hadi kufikia sufuri kwenye mstari. Umbali wa mita 20 kutoka kwenye mstari, beseni lingehitaji zaidi ya miaka 800 kukamilisha mzunguko mmoja. Maji ya Nanyuki huisha kwa muda mfupi tu. Kinachoyazungusha ni namna yalivyomiminwa na namna mwonyeshaji alivyogeuka kabla ya kufungua tundu.

Je, athari hiyo inaweza kuonekana mahali popote ndani ya chombo? Inaweza, kwa subira kubwa. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT nchini Marekani alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akaliacha litulie kwa saa 24, kisha akaliachilia litiririke polepole kwa dakika kama 20. Maji yalizunguka kinyume cha mishale ya saa, kama ilivyotarajiwa kaskazini. Mwaka 1965, watafiti jijini Sydney, Australia, walirudia jaribio hilo na kupata mzunguko wa upande wa pili. Walikuwa mbali sana na ikweta, na walifanya kila juhudi kuzuia maji yasitikisike kabla ya wakati.

Haimaanishi kwamba mwonyeshaji wa Nanyuki afukuzwe. Anajitafutia riziki, na onyesho lake linapendeza. Mzazi amlipe kama anavyomlipa mfanya mazingaombwe, kisha amwombe mtoto ashike beseni mwenyewe na alimimine maji kutoka upande mwingine. Matokeo yatakuwa somo tosha.

Jinsi ya kuipanga safari

Shule isiyo na fedha za mzunguko wote inaweza kuugawa. Kyamwilu na makavazi mawili ya Nairobi yanatosha kwa siku mbili. Olorgesailie ni safari ya siku moja kutoka Nairobi, na inafaa kuanza alfajiri, kubeba maji ya kutosha na kofia. Ada za kuingilia na saa za kufungua hubadilika, hivyo ni heri kuwasiliana na Makavazi ya Kitaifa mapema na kuomba mwongozaji.

Kilicho muhimu zaidi ni daftari. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika kila kituo kuna maswali matatu ambayo mwanafunzi anaweza kuandika: Ninaambiwa nini? Kimepimwa vipi? Mimi au mtu mwingine anaweza kupima tena? Huko Olorgesailie maswali hayo yatapata majibu. Huko Nanyuki yatamwacha mwonyeshaji akitabasamu.

Barabara ya kurudi Machakos hupitia Karatina, Murang'a na Thika. Wenye nafasi wapite tena Kyamwilu kabla ya kufika nyumbani, safari hii wakiwa na mpira wa fundi na fito mbili. Gari bado litaonekana likipanda, kwa kuwa kujua sababu hakuondoi kiinimacho. Ila watoto watakuwa na vipimo vyao mkononi, na wataweza kumweleza yeyote aliyesimama hapo akishangaa.

Serikali ya kaunti nayo inaweza kujifunza kutoka Uskoti. Jiwe moja lenye maelezo mafupi kwa Kiswahili na Kikamba, likionyesha kipimo halisi cha mteremko, halingefukuza mgeni hata mmoja.